Pampu Imefungwa

Benchi la Mama Birika, muuza kahawa, limeegemea ukuta wa nyuma wa hospitali, mkabala na geti la kutolea takataka, na mguu wake mmoja ni tofali. Anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kuinuka bila kutoa taarifa. Hapo, saa tatu na nusu asubuhi, hukutana wataalamu watatu wa mambo yasiyowahusu: Nati, fundi pampu mwenye miaka ishirini na sita kazini, Fyuzi, fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, ambaye akiota huota mpira, na Kamusi, mwalimu mstaafu, mtu wa methali, ingawa huzitoa kwanza ndipo atafute zinahusu nini. Siku hiyo Nati alikaa upande wa tofali, kahawa hajaigusa, simu ya kazini mkononi.

Kisa chenyewe ni hiki. Wakubwa walileta mfumo mpya wa matengenezo, unaokaa ndani ya simu. Jumatatu simu ikamwambia Nati: Fungua pampu ya pili. Ndiyo hiyo inayopeleka maji kwa madobi. Mfumo ulimaanisha afungue karatasi ya kazi, yaani aandike tu kwamba pampu itakaguliwa. Lakini fundi akiambiwa fungua, anafungua. Nati akachukua spana, akaitandaza pampu nzima juu ya gunia, kila kipande peke yake. Gasketi ya zamani, ule mpira wa kuzuia maji yasivuje, ikapasuka wakati wa kuivua, akaomba nyingine stoo.

Kila asubuhi simu ikawa inamuuliza: Umefunga? Naye, mtu mkweli, akajibu hajafunga. Siku ya tatu karani wa mfumo akampigia, afunge haraka, ripoti inachelewa. Nati akasema gasketi haijaja. Karani akasema gasketi haihusiani na kufunga. Nati akajiambia labda wasomi wa siku hizi hufunga pampu bila gasketi, wanajua wenyewe, akabonyeza Funga. Rangi ikawa kijani. Stoo nao, kuona kijani, wakafuta ombi la gasketi. Pampu iliyofungwa inataka kifaa cha nini?

Leo mhandisi mkuu kaingia karakana, kakuta pampu iko uchi sakafuni na kwenye simu imefungwa. Kampa Nati mpaka saa nne aeleze, katika kisanduku cha Maoni ya Mtumiaji, kwa nini amedanganya. Asipoeleza, asirudi. Miaka ishirini na sita Nati hajawahi kuitwa mwongo, na neno hilo lilimuuma kuliko hata kazi yenyewe.

— Niandike nini? aliuliza.

Fyuzi akashauri aanze na nyota, maana mfumo ulikuwa unaomba nyota kabla ya maneno. Ampe tano. Chombo kikisifiwa hulainika.

— Sasa nimsifu kwa lipi?

— Kwa subira. Si anakuuliza kila siku? Hata mkeo hakuulizi hivyo.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Kamusi.

— Mwalimu, tangu huyu mgeni aje, mwenyeji ndiye nimelazwa.

Kamusi hakukata tamaa. Akaomba aione simu, akavaa miwani, akasoma taratibu: pampu ya pili, imefungwa. Akaitazama mbali, akaitazama karibu. Kisha akatamka kwamba kosa liko kwenye sarufi. Imefungwa, hapo sawa, lakini imefungwa na nani? Mtenda hayupo.

— Imefungwa ngapi kwa ngapi? Fyuzi akadakia. Kama ni ugenini, si aibu.

Mama Birika, akimimina, akasema yeye kwao aliyefungwa ni mtu wa jela, na mtu wa jela hatoi maji. Kamusi akapinga vikali. Kwa maoni yake pampu haikufungwa, imefunga. Haili wala hainywi, ndiyo maana bomba kavu, na mtu aliyefunga hasumbuliwi mpaka afuturu. Fyuzi akauliza kama haiwezekani imefunga ndoa. Wakabishana hapo kwa ukali wa kweli, na Nati, Mungu amsaidie, akajikuta anawaza ni pampu ipi ingefaa kuwa bwana harusi. Kichwa kilikuwa kimemchanganyika kiasi hicho. Saa nne kasoro dakika nane.

Ndipo akatoka getini mama mmoja dobi, mgeni kazini, wiki yake ya kwanza, ndoo mbili tupu mikononi.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba.

— Nimeambiwa mafundi wako hapa. Naulizia tu. Maji yatatoka saa ngapi? Wodi ya wazazi wamenipa mashuka ya siku tatu.

Kamusi akafungua mdomo kutafuta methali, kwa mara ya kwanza ikakosekana. Nati akapekua simu, mwanzo mpaka mwisho. Kulikuwa na fungua, kulikuwa na funga, na sitisha, na nyota. Maji hayakuwemo popote. Kumbe siku zote hizo hakuna aliyemuuliza habari ya maji. Akaona aibu, kwa sababu hata yeye hakujiuliza.

Akaandika kwa kidole kimoja: Maji hayatoki. Pampu niliifungua mimi kwa sababu niliambiwa fungua. Sijaifunga. Naomba gasketi. Hakutoa nyota. Akatuma.

Simu ikalia. Kamusi akainama kumsomea: Asante. Maoni yako yamepokelewa na kufungwa. Rangi ya kijani.

Nati akainuka bila kutoa taarifa. Tofali likatoka, benchi likalala ubavu, wataalamu wawili wakawa chini na kahawa yote ikamwagika mchangani. Simu akaiacha hapohapo. Akampokea yule mama ndoo moja.

— Twende kwa mhandisi, dada yangu. Hilo swali kamuulize kama ulivyoniuliza mimi. Usiongeze neno.