Vishikio vya Ndani

Enzi za Mwingereza, kwenye basi la kwenda Usa, nilikaa nyuma ya fundi seremala Aminieli na bibi mmoja wa kijiji cha Akheri.

"Bibi, jana nilifunga vishikio kwenye kabati na droo zote za jiko la mzungu," fundi alisema. "Asubuhi mpishi akaja mbio. Vyote vimehamia kwa ndani."

"Mbao za kazi hiyo ulitoa wapi?"

"Mringaringa wa makaburini kwetu. Uliangushwa na upepo."

"Uliwaomba wenyewe?"

"Wenyewe si wamezikwa, bibi?"

"Mwanangu, kishikio hukaa upande wa anayetaka kufungua."

Nilikuwa natafuna ndizi, nikaacha.

Bibi akampa jani la isale, lile la kuombea msamaha, apige hodi kabatini. Fundi akalipokea, ila hodi akakataa: atabandua kwa patasi, maana mzungu akirudi akute jiko vile, kazi hana.

"Bandua. Ila usimame pembeni, wapate pa kupita."

Basi liliposimama getini kwa mzungu, fundi alishuka na patasi mkono mmoja, jani mkono wa pili. Dereva, ambaye hata msiba haumcheleweshi, alizima injini tusikie atachagua lipi. Kabla hajafika mlangoni, tukasikia droo zikifunguka, moja baada ya nyingine.