Bi Mbodze na Nondo wa Mbambakofi

Tarehe 30 Juni Bi Mbodze Ngome anastaafu, baada ya kuutunza msitu wetu hapa Msambweni kwa miaka thelathini na miwili. Aliingia akiwa mfagizi wa njia za wageni; anatoka akiwa mlinzi mkuu.

Wageni huulizia mbega. Bi Mbodze huwapeleka kwanza kwenye mibambakofi, akawaonyesha nondo mdogo wa kahawia, si mkubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Kwa kuchungulia kila asubuhi, yeye ndiye aliyetujulisha kwamba kiwavi wake hula majani ya mti huo tu, kisha hujifungia ndani ya kifuko cha hariri. Akishatoka na mbawa, hali tena, kwani hana kinywa. Siku zake tano zote ni za kumtafuta mwenzake!

Wiki ya harusi yangu alituita mimi na Feisal wangu, tukawaona wawili wametulia juu ya gome.

“Bwana arusi, jifunze,” akamwambia. “Huyu haulizi chakula kiko wapi.”

Feisal alicheka. Mimi nililia.

Sasa nakasirika. Mwaka jana, kwa ajili ya ugeni, kamati yetu ya mapokezi ilipaka mashina chokaa, kama tulivyozoea kupamba. Nondo huyu kinga yake ni moja tu: kufanana na gome. Asubuhi walionekana wote, kama madoa ya kahawa kwenye kanzu, na ndege wakawamaliza. Bi Mbodze aliokota mbawa, akamwambia mwenyekiti wa kamati, “Elijah mwanangu, umewatandikia ndege jamvi.”

Je, tulijifunza? Hata! Juzi kamati hiyohiyo imeleta ndoo sita za chokaa, eti kumpamba Bi Mbodze siku ya kumuaga! Imebaki mibambakofi minne tu yenye nondo, na ndiyo iliyo langoni. Mama wa watu hakuomba zawadi wala keki. Ameomba mashina yaachwe yalivyo. Hilo nalo ni zito?

Basi ndoo nimezifungia stoo. Ufunguo umo kwenye pindo la leso yangu, na halitafunguliwa mpaka wageni wameondoka. Elijah amenuna, atapoa.

Bi Mbodze, ahsante kwa kutufundisha kutazama. Nenda nyumbani ukapumzike kwa afya na raha. Ukipita langoni siku hiyo, tazama mashina: yatakuwa ya kahawia.