Sabuni ya Tano

Pale Ngana, njia itokayo kwenye mashine ya kukoboa mpunga inapokutana na ile iendayo mpakani, kuna benchi lililotengenezwa kwa ubavu wa lori bovu. Lori lilifia hapo enzi za foleni ya sukari, na watu wa Ngana, ambao hawajui kutupa kitu, wakaligawana: mwenye kuku alichukua mabati, kinyozi alichukua kioo, kijiwe kikapata benchi. Yohana Birika, aliyejifunza kupika kahawa Tanga akarudi nayo nyumbani kama mtu aliyerudi na digrii, huweka jiko lake upande wa kulia na mtungi wa maji baridi, wa wafinyanzi wa Ikombe, upande wa kushoto. Katikati hukaa wenye akili. Hivyo ndivyo wanavyojiita wenyewe.

— Birika, nipe maji.

— Maji tena, Mzee Kimya? Hiki kikombe cha nne. Mimi nauza kahawa, maji ni ya kusindikizia.

— Nipe tu.

Mzee Kimya, ambaye nyumbani kwake huitwa Sedekia, alikunywa taratibu akisikilizia koo lake. Maji yalishuka. Akashukuru moyoni. Jina la Kimya alipewa na kijiwe kwa sababu husikiliza tangu asubuhi mpaka mchana na husema neno moja, na neno lenyewe mara nyingi ni la kuaga.

Alikuwa na sababu ya kunywa maji. Siku nne zilizopita, akipita njia ya shambani, alikutana uso kwa uso na mkamwana wake akitoka kisimani. Kwingine hilo si jambo. Kwa Wanyakyusa wa nyumba za kale ni jambo zito: baba mkwe na mkamwana hawaonani, hawasemezani, hawatajani majina. Kanisani wamelegeza, lakini nyumba ya Sedekia haikulegea. Basi mkamwana alijitupa upande wa migomba, na yeye akajitupa upande wa mikokoa, miti ya kakao, na huko kwenye mikokoa ndiko alikokuwa mbwa mmoja mwekundu, mate yanamning'inia. Mbwa alimng'ata shavu la mguu, kisha akakimbilia upande wa migomba. Sedekia akasikia mkamwana akipiga yowe. Hakugeuka. Heshima inataka baba mkwe ampe mkamwana mgongo, naye akampa mgongo, akaenda zake akichechemea na yowe lile likimfuata mpaka leo.

Tangu hapo hajui kama mkamwana naye aling'atwa. Mkewe yuko Matema, amekwenda kumtunza binti yao aliyejifungua. Mwanawe yuko Tunduma kwenye biashara. Nyumbani wamebaki wawili wasiosemezana. Amwulize jirani? Atakuwa amekiri kwamba yeye na mkamwana wake walitazamana machoni, na kabla jua halijazama Ngana nzima itakuwa inajua. Alisikia zamani kuwa mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji, kwa hiyo anakunywa maji kujipima. Na kila asubuhi husikilizia ukutani kata ya mkamwana ikigonga mtungi. Ikigonga, roho yake hutulia kidogo.

Mkamwana naye alikuwa amezidisha adabu. Kila jioni ndoo ya maji moto ilikaa mlangoni pa Sedekia kama kawaida, ila sasa juu ya mfuniko palikuwa na kipande kizima cha sabuni ya kunukia, ile ya kutoka Malawi. Kila jioni kipande kipya. Sedekia, aliyewahi kuoga kwa majani ya mpapai miaka ile sabuni ilipoadimika, aliona mwanawe ameoa.

— Jamani, redio ya jana mliisikia? alianza Hezroni, ambaye huitwa Saa Mbili kwa sababu taarifa ya habari ya usiku huirudia yote asubuhi, pamoja na vifo. Wamesema yule mbwa mwekundu tuliyemuua alikuwa na virusi.

— Redio imemtaja mbwa wetu? aliuliza Aliko, mfanyabiashara wa kuvuka mpaka, jina lake hapa Kwacha.

— Haikumtaja. Imetaja kichaa cha mbwa kwa jumla.

— Virusi si vya Ukimwi? Mbwa na Ukimwi wapi na wapi?

— Virusi ni ukoo, Kwacha. Kuna vya mafua, vya surua, vya mdondo wa kuku, na vya mbwa. Ni vidogo hata bakteria akikiona kirusi anakiita mtoto. Peke yake hakili, hakipumui, hakizai. Si kizima, si maiti. Kikishaingia mwilini mwako ndipo kinaamka, kinauamuru mwili ukizalie.

— Kama shemeji yangu, alisema Birika.

— Haba na haba hujaza kibaba, alikubali Kwacha kwa uzito mkubwa.

— Kinaingiaje?

Wote waligeuka. Aliyeuliza ni Mzee Kimya.

— Kinaingia kwa mpaka, Kwacha aliwahi. Tangu mambo yawe ruksa, nini hakipiti hapa? Mitumba inapita, redio zinapita, sukari inapita. Mbwa naye kavuka mto Songwe na virusi vyake, nani alimwuliza hati? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Huyo alikuwa mbwa.

— Methali haichagui mnyama.

— Nauliza kinaingiaje mtuni, alisema Kimya.

— Kwa macho, Birika alijibu akipuliza makaa. Mbwa wa kichaa akikutazama, tayari. Ndiyo maana mimi siku ile nilikuwa namtazama mkia.

— Uongo! Kinaingia kwa damu, alisema Saa Mbili. Damu nzito kuliko maji. Kirusi kinaizidisha uzito, maji yanakosa pa kupita, mtu anayaogopa.

— Hapana, Birika alikataa. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Maana yake ni kwamba maji ya ufukweni hayamtishi. Mwenye kung'atwa apelekwe Matema, akalishwe mchangani, alitazame ziwa siku saba. Anapona.

— Umemwona nani aliyepona hivyo?

— Nani amekwenda?

Kwacha akasema dawa inajulikana: unyoya wa mbwa yule yule, uchomwe, uchanganywe na pilipili, upakwe. Saa Mbili akaona wamemzidi kwa urefu wa hoja, akasimama kabisa.

— Sikilizeni. Zamani kila mnyama alikuwa na virusi vyake, amekaa navyo kwa amani. Popo vyake, nyani vyake, nguruwe vyake. Mtu akaingia, akakata msitu, akamfuga huyu, akamla yule. Virusi navyo vikahama nyumba kama wapangaji. Vingine nyumba mpya haviiwezi, vinakufa. Vingine vinaipenda kuliko ya kwanza.

Hiyo ndiyo waliyoicheka kuliko zote. Birika alilazimika kuweka birika chini.

— Mtu aking'atwa mguuni, Kimya aliuliza kicheko kilipopungua, ni baada ya siku ngapi?

— Saba, alisema Kwacha.

— Arobaini, alisema Birika.

— Inategemea, alisema Saa Mbili, ambaye hakujua.

— Kwani nani kang'atwa?

— Nauliza tu.

Hapo ndipo pikipiki iliposimama. Alishuka mwanamke mwenye viatu vya mpira na kisanduku cha barafu kifuani, akatoa kofia.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, binti. Ndaga, asante. Karibu kahawa.

Alijitambulisha: Naomi, daktari wa mifugo, mzaliwa wa Dodoma, yuko kwenye utafiti wa kichaa cha mbwa. Wanataka kujua virusi vinatoka kwa mbwa gani kwenda kwa mbwa gani, na kama mbweha na wanyama wa porini nao wamo. Amesikia Ngana wameua mbwa.

— Tumemuua, alisema Kwacha kwa fahari. Aling'ata mbuzi wawili pale mashineni. Fimbo ya mwisho ilikuwa yangu.

— Hongera. Nimefuata kichwa chake. Ugonjwa tunaupima kwenye ubongo. Kiko wapi?

Saa Mbili akamtazama Kwacha, Kwacha akamtazama Birika.

— Tulimtupa Songwe, alisema Birika. Mzima mzima.

— Atakuwa amesharudi Malawi, Kwacha aliongeza. Bila hati.

Naomi alikaa kwenye benchi akashusha pumzi. Alipewa kahawa, na kwa kuwa kijiwe hakimwachi mtaalamu anywe kwa amani, wakamuuliza kirusi kinapita wapi, machoni au kwenye damu.

— Kwa mate, kwenye kidonda. Na hakifuati damu. Kinashika mshipa wa fahamu, kinapanda polepole kwenda kichwani, kama fundi simu anayefuata waya nguzo kwa nguzo. Kikifika ubongoni kinashuka tena mpaka kwenye mate. Basi mnyama anataka kung'ata, koo linakaza, maji hayamezeki.

— Kitu kisicho na kichwa, alisema Saa Mbili kwa sauti ndogo, kinajuaje kwamba mbwa akikaza koo mate hayatamezwa, na aking'ata yatahamia kwa mwingine?

Naomi alimtazama kwa heshima mpya.

— Mzee, hilo wakubwa wangu wanalitafuta mpaka leo. Hatujui vizuri.

— Kumbe kuogopa maji, Kimya aliuliza, si dalili ya mwanzo?

— Ni ya mwisho. Akishafika hapo, hakuna dawa duniani. Dawa ni kabla. Unaosha kidonda kwa sabuni na maji ya kutiririka, robo saa nzima, maana ganda la kirusi lina mafuta na sabuni inalivunja. Kisha sindano, mapema. Siku hizi zinachomwa begani.

Mzee Kimya aliweka kikombe chini. Vikombe vyote vile, siku nne, alikuwa amepima upepo. Kata ya mkamwana ilikuwa imegonga mtungi kila asubuhi na haikuwa imemwambia chochote.

— Kichwa hatuna, Naomi aliendelea, basi ni lazima tumhesabu mbwa huyo kuwa mgonjwa. Zaidi ya mbuzi, alimng'ata nani?

— Hakuna mtu, alisema Kwacha.

— Mimi, alisema Mzee Kimya.

Aligusa shavu la mguu wake.

— Siku ya nne leo. Na labda... Alimeza mate, na kumeza huko kulimtia hofu. Labda na mkamwana wangu. Alipiga yowe. Mimi sikugeuka.

— Labda? Mzee, si mnakaa nyumba moja?

— Boma moja.

— Siku nne. Sasa kwa nini hukumuuliza tu?

Swali lilikuwa jepesi. Mtoto angeweza kuliuliza. Saa Mbili, aliyekuwa na jibu la kila kitu kuanzia popo mpaka mwezi, alianza kufuta vumbi kwenye benchi. Kwacha alikuna goti. Wote walilijua jibu tangu matumboni mwa mama zao, na hakuna aliyeweza kulisema mbele ya yule binti likasikika kuwa jibu.

— Anaitwa nani, niende mimi? aliuliza Naomi.

Sedekia alitazama mtungi. Jina lile hakuwahi kulitamka, na hata sasa ulimi ulikataa.

— Rut, alisema Birika kwa niaba yake. Ni hapo tu, nyuma ya mashine, penye migomba.

Naomi alikwenda. Birika alimimina kahawa, ikatoka nusu kikombe na machicha, wakainywa hivyo hivyo. Sedekia aliomba kimoyomoyo, na aliomba vibaya, akimwahidi Mungu mguu wake wote mradi yule mwingine awe salama. Alijiona mjinga na mkatili. Alikuwa amejihurumia mwenyewe kwa maji ya kunywa, na uhai wa mtoto wa watu akausikilizia ukutani tu.

Naomi alirudi akitembea polepole.

— Hakung'atwa. Mbwa alimpita mbali.

— Ndaga, alishukuru Sedekia. Ndaga fijo. Machozi yalimtoka mbele ya kijiwe, na kijiwe kikatazama njia ya mpakani.

— Anasema yeye alikuwa anachungulia kwenye migomba. Alipiga yowe kwa sababu alikuona wewe unang'atwa. Shuleni walifundishwa dawa ya kwanza. Ameniagiza nikuulize, kwa sababu yeye hawezi: sabuni zile anazokuwekea mlangoni jioni, unazifanyia nini?

Mzee Kimya aliuangalia mguu wake.

— Zipo, alisema. Zote nne. Nimezitunza sandukuni.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa watu wa majani ya mpapai wote, na kila mmoja alijua kwamba hata yeye angezitunza. Kwacha aliondoka kwenda kuleta baiskeli ya kumpeleka hospitali. Birika aliunyanyua mtungi wa Ikombe kwa mikono miwili, akasogea karibu na mguu wa mwenzake.

— Tunataka sabuni hapa, alisema Naomi, akageuka kutazama alikotoka.

Kwenye kona ya migomba alisimama mwanamke aliyejifunika kanga mpaka usoni. Alikuwa amekipa kijiwe mgongo, kama heshima inavyotaka. Lakini mkono mmoja alikuwa ameunyoosha nyuma, na mkononi mlikuwa na sabuni ya tano, ameshaitoa kwenye karatasi yake.

Sedekia alikunja suruali.