Shimo Lililozibwa la Mzee Aubrey Pascoe

Wafiwa, majirani wa kijito cha Merrin, nanyi mliokuja kuulizia urithi, mama yangu Lorna amenipa kazi ya kusoma historia hii, nami nitaisoma yote.

Babu yetu, Aubrey Pascoe, alizaliwa tarehe 9 Juni 1944 hapa hapa Merrin, Victoria, akasoma shule ya kijijini hadi Novemba 1956, mafuriko yalipotuulia ng'ombe na kubomoa ukingo wa kijito, ndipo akaona chumba cha ndani ya shimo la kinyamadege, yule mnyama wa majini mwenye mdomo wa bata, na ndani yake watoto wawili waliotoka mayaini juzi tu, vipofu, uchi, kila mmoja kama punje ya haragwe, nao walimfia kiganjani kabla ya saa sita mchana, na jambo hilo hakulisahau.

Alikamua ng'ombe tangu 1957 hadi 2014, akisema hajaona mama kama kinyamadege, asiye na chuchu, ambaye maziwa humtoka kwenye ngozi kama jasho na wanawe huyalamba manyoyani.

Alifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1969 na Nerida Hallam, marehemu bibi yetu, wakajaliwa watoto wawili, mama yangu, na Mjomba Royce, ambaye amesimama pale nyuma na naomba asitoke.

Mwaka 2021 Babu alipooza mkono wa kushoto, nikaacha shule nimtunze. Oktoba iliyopita tulimwona kinyamadege jike akibeba majani mabichi kwa mkia, akaingia ukingoni, na tangu hapo kila akipita aliziba njia ya shimo lake kwa udongo.

Alhamisi tarehe 12 Januari, Mjomba alileta mashine ya kuchimba ili aweke pampu pale pale, na rafiki zake wakamuuliza Babu tangu lini analinda panya wa majini.

Mjomba akasema, "Baba, shimo limezibwa, walishahama hao."

Babu akamjibu, "Umekulia hapa, Royce, na hujui kwamba likizibwa ndiyo wamo?"

Akachomoa ufunguo wa mashine, akaketi mbele yake juani saa tatu nzima, moyo ukashindwa kufanya kazi, akafariki hospitalini Jumamosi tarehe 14.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani Fintan na Coral waliomletea mwavuli wakakaa naye, na wakamuaji wenzake waliobeba jeneza. Mjomba Royce hatumshukuru.

Mjomba, wiki nzima umepekua nyumba ukitafuta ufunguo, ukamtukana mama yangu mbele ya wageni. Babu alikufa ameushika, na nilipomvika nguo nilimrudishia kiganjani, na jeneza limeshakazwa skrubu. Fundi alikuambia ufunguo mwingine utachukua wiki sita. Watoto wa kinyamadege watatoka shimoni katikati ya Februari.

Pumzika kwa amani, Babu, na usiuachie.