Watu wa Mvuke Wamefutwa

"Jeff, umefuta kabila zima!" fundi mmoja, Wangechi, alimfokea mwenzake ndani ya basi la wafanyakazi wa kituo cha umeme wa mvuke cha Olkaria. Mimi niliyekaa nyuma yao nikashtuka, maana huku kwetu maneno kama hayo huishia na mtu kufukuzwa shambani kwake.

Kumbe ni mchezo wa dadu, ule wa kuketi mezani kila Jumamosi, kila mtu akijifanya kiumbe fulani. Jeff ndiye aliyeutunga, na kwenye sheria mpya amewaondoa Watu wa Mvuke, mojawapo ya makabila ya mchezo huo.

"Walikuwa wanatuchelewesha. Kabla ya kila vita lazima wapige magoti waombe ardhi ruhusa. Nani ako na hiyo time?"

"Na si hiyo ruhusa ndiyo ilikutoa kwa mdomo wa lile joka? Umesahau vile ulikuwa unanibembeleza niombe haraka?"

Jeff akachezea kamba ya helmeti yake. "Lakini tuseme ukweli, hakuna mtu huwachagua. Hata mmoja."

Basi likasimama langoni, mabomba yakinguruma. Tukaanza kushuka. Wangechi hakuinuka.

"Miaka mitatu nimekaa kwa hiyo meza nikiwa Mtu wa Mvuke. Kwani mlikuwa mnaona nani hapo?"