Mkono wa Kushoto wa Bernadina

Baba Padre, wazee wetu, mama zetu wa Kang'ata, na nyote mliofika kwa miguu na kwa baiskeli kutoka Kwamsisi, Korogwe na Mpale: haya ndiyo maisha ya Bernadina binti Bonaventura, mke wa Yordani Mhina. Yameandikwa na mdogo wake, Mwalimu Stefania, naye ndiye anayeyasoma. Familia ilimchagua kwa kuwa ana sauti ya darasani. Marehemu angesema wamemchagua kwa kuwa ana mdomo.

Bernadina alizaliwa mwezi wa tatu mwaka 1914, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge kando ya mto Ruvu, ambao wengine huuita Pangani, karibu na Korogwe. Baba yake, Mzee Bonaventura, alikuwa ametoka Songea kwa mkataba wa kukata mkonge. Mama yake, Shida, Mzigua wa Kwamsisi, alikuja kambini kuuza mihogo. Mihogo ikaisha, yeye akabaki. Walizaa watoto sita. Waliopona ni wa kwanza, ambaye ni marehemu, na wa mwisho, ambaye ni msomaji huyu, aliyezaliwa mwaka 1921. Kati ya hao wawili kuna makaburi manne pale kambini, na ndiyo sababu Bernadina alimbeba mdogo wake mgongoni hata alipokuwa mkubwa wa kutosha kubeba ndoo. Majirani walimcheka. Yeye akawajibu kwamba huyu hamtui chini mpaka azoee kuwa na mdogo anayebaki.

Kusoma alisoma miaka miwili tu, 1923 na 1924, katika shule ya katekisimu iliyoezekwa makuti, akajua kuandika jina lake na kuhesabu bila kukosea. Hesabu hiyo ndiyo aliyoitumia maisha yake yote. Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alichukuliwa kufanya kazi katika nyumba ya meneja wa shamba moja, ambaye mke wake alikuwa mfumaji hodari. Watu wa kambini walimwita Bibi Sindano. Kazi ya Bernadina ilikuwa hii: kusimama barazani mbele ya kiti cha Bibi Sindano, mikono ameinyoosha, shada la uzi wa sufu limezungushwa kwenye viganja vyake viwili, huku yule bibi akivuta uzi kidogo kidogo na kufuma. Hakuruhusiwa kukaa, wala hakuna aliyemfundisha kitu, na hata angefundishwa asingeweza kujaribu, maana mikono ilikuwa imefungwa kwa uzi. Lakini macho hayakufungwa. Alisimama hivyo karibu miaka mitano, akaondoka na ufundi wote kichwani.

Ila aliondoka nao kinyume. Aliyesimama mbele ya mtu huuona mkono wa kulia wa mwenzake upande wake wa kushoto. Bernadina aliupokea ufundi kama alivyouona: sindano inayofanya kazi ikakaa mkono wa kushoto, na kila kitanzi kikalala upande usio wa vitabuni. Wengi wenu mlidhani alizaliwa na shoto. Hapana. Alikula kwa mkono wa kulia, alilima kwa mkono wa kulia, na yuko mpwa wake mmoja hapa anayeweza kushuhudia kwamba hata kofi lake lilitoka kulia. Uzi tu ndio alioushika kwa kushoto.

Mwaka 1931 bei ya mkonge ilianguka, Bibi Sindano akarudi Ulaya na sindano zake. Bernadina akabaki na ufundi usio na chombo. Akaenda kwa fundi baiskeli pale Korogwe, kijana wa Kang'ata aitwaye Yordani Mhina, akaomba spoki mbili zilizokatika. Akazinoa kwa jiwe, akazisugua kwa mchanga wa mtoni mpaka zikateleza, akaanza kufuma. Wiki ya pili akarudi kuomba spoki nyingine. Ya tatu akataka moja ya kupinda ncha iwe kulabu. Mara ya nne Yordani akaweka pampu chini.

"Dada, hiyo baiskeli yako inakula spoki?"

"Sina baiskeli."

"Basi unakuja kufanya nini hapa?"

"Nakuja kuchukua spoki. Kama umechoka kunipa, sema."

Yordani hakusema amechoka. Walifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1933, wakahamia Kang'ata, na Mungu akawajalia watoto watatu: Valerian, Grasiana na Kaleb. Shemeji Yordani ameomba iandikwe hapa kwamba kwa miaka ishirini na miwili hakuna gurudumu lililokuwa salama nyumbani kwake.

Kazi ya marehemu wote mnaijua, maana wengi wenu mmeivaa. Wakati wa vita vya juzi sufu ilipotea madukani, akachambua katani laini, akaisokota pajani, akafuma vikapu na vitambaa vya meza. Vita vilipokwisha, askari wetu walirudi na masweta ya jeshi yaliyotoboka viwiko. Wengine waliyatupa. Bernadina aliyaomba, akayafumua uzi kwa uzi, akauosha, akauzungushia kwenye ubao ukiwa umelowa ili mikunjo inyooke, akaufuma upya. Huko Mpale, mlimani, ambako baridi ya mwezi wa saba haina mchezo, wako watoto waliokua ndani ya sweta ambazo ziliwahi kufika Burma. Mfano wa kufuma hakuutoa kitabuni. Aliutoa alikopita: kulikuwa na "njia ya siafu", kulikuwa na "macho ya kware", na ule upindo wenye ncha aliouita "miiba ya mkonge". Mwanafunzi akikosea safu ya tatu akiwa ameshafika ya ishirini, alimwambia afumue zote kumi na nane, hata kama ni harusi ya kesho. Alikuwa akisema, "Asiyejua kufumua hajajua kufuma." Wapo waliolia. Mwalimu Stefania amefundisha shule miaka kumi na mitatu na hajapata mwalimu mkali kama yule, wala mwenye subira zaidi.

Mwaka 1949 alianzisha chama cha kufuma hapa Kang'ata. Wasichana na mama kumi na wanne walikaa kumzunguka, nao wakajifunza kwa mkono wa kushoto, maana ndio aliokuwa nao.

Sasa msomaji anafika mahali ambapo angependa kuparuka. Mwezi wa Julai 1952 palikuwa na maonyesho ya kazi za mikono za wanawake pale Korogwe. Chama cha Kang'ata kilipeleka shali moja kubwa, nyeupe, yenye mistari inayopanda kwa mshazari, kazi ya miezi saba. Meza ya waamuzi ilikuwa na mama wa Kizungu wawili, na mkalimani wao alikuwa Mwalimu Stefania, mwenye cheti, mwenye viatu. Mama mmoja aliishika shali akaisifu. Kisha akaiweka kando ya picha ya kitabu, akaona mistari imelala upande mwingine. Akamgeukia mkalimani, akauliza: hili ni kosa, au ndivyo wafumavyo huko?

Stefania aliijua ile kazi kama ajuavyo harufu ya nyumbani. Alijua mistari ile ilitoka wapi: ilitoka kwa mtoto aliyesimama miaka mitano barazani kwa watu. Akaona haya. Haikuwa haya ya shali, ilikuwa haya ya kambi, ya mihogo, ya kubebwa mgongoni. Akajibu, "Ni kosa. Wamefuma kinyume." Shali ikaondolewa mezani, na chama kikaambiwa kiifumue, kifume tena kama kitabu kinavyotaka. Bernadina alikuwa amesimama hatua tano tu, amesikia kila neno, na lugha ile aliizoea barazani kwa Bibi Sindano.

Wanawake wa Kang'ata walirudi na lori, shali wameikunja. Inasemekana njia nzima marehemu alisema mara moja tu: "Mwalimu amesema kweli, ni kinyume. Lakini ni kinyume cha nani?"

Maneno hayana miguu, lakini yale yalifika kabla ya lori. Watu wakaanza kusema kwamba hata Wazungu wamekataa kazi ya kushoto, kwamba mkono ule una shughuli zake nao si wa kumfundishia mtoto wa kike. Mama wakawaondoa binti zao mmoja mmoja. Kufikia Krismasi walibaki watano, na Bernadina akaacha kuita wengine. Spoki zikawekwa juu ya dari.

Aliyezishusha ni Bibi Mashavu, ambaye tunamshukuru kuwa nasi hapa na tasbihi yake. Bibi alikuja kwa marehemu na ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka, akakaa, akawaita wale mama waliokuwa wakisema sana.

"Mnalalia mikeka yangu?"

Wakasema wanalalia.

"Nilisuka kwa mkono gani?"

Hakuna aliyejua.

"Miaka yote hiyo mmelala usingizi, hamjauliza. Leo mnauliza ya Bernadina. Mleteni mjukuu wangu Chausiku, aanze leo."

Chausiku akaanza siku ile ile. Wengine wakarudi, kisha wakaja wapya. Mpaka anafariki, marehemu alikuwa amefundisha watu arobaini na wawili. Wala ile shali hakuifumua. Ni kazi pekee aliyowahi kuambiwa afumue, naye asifumue.

Kati ya dada na mdogo wake, salamu ziliendelea. Stefania aliamkia "shikamoo, dada," akaitikiwa "marahaba," wakaulizana habari za watoto na za mvua. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu, kwa miaka mitatu na nusu.

Mwezi wa Novemba 1955 Bernadina alianza kuumwa tumbo. Dawa za miti zilijaribiwa, hazikusaidia, na baada ya Krismasi Yordani alimpeleka hospitali Korogwe, ambako walimkuta na uvimbe usioweza kukatwa. Stefania alipopata habari aliomba ruhusa shuleni, akaenda. Alimkuta dada yake ameegemea mto, anafuma shali ndogo ya mjukuu aliyekuwa bado tumboni mwa Grasiana. Stefania akavuta kigoda akae kando ya kitanda.

"Siyo hapo," Bernadina akasema. "Kaa mbele yangu. Uone vizuri."

Akakaa mbele, naye alikuwa na sindano zake mkobani, maana kufuma alifundishwa chuoni kwa kitabu, kwa hiyo akazitoa. Wakafuma wakitazamana. Ndipo Mwalimu Stefania, mwenye cheti, alipoona jambo ambalo hakulisoma popote: mkono wa kushoto wa dada yake na mkono wake wa kulia ilikuwa upande mmoja, upande wa dirishani, inakwenda pamoja, inarudi pamoja. Hakuna aliyekuwa kinyume.

Siku ya tisa vidole vya marehemu vilikataa. Shali ilikuwa imefika safu ya sitini. Akaisukuma mbele.

"Endelea wewe."

"Nitaiharibu, dada. Mkono wangu unalaza upande mwingine."

"Ulaze."

"Itaonekana mahali nilipoanzia."

"Si ndiyo nataka ionekane?"

Stefania akaipokea. Akafuma safu mbili, tatu, macho hayaoni sawasawa. Akasema, "Dada, ile siku ya maonyesho..."

"Hesabu kwanza," Bernadina akamkatiza. "Utadondosha kitanzi."

Akahesabu. Kila alipotaka kusema, aliambiwa ahesabu. Shali ilikwisha tarehe 15 Februari. Mistari yake inapanda kutoka kushoto mpaka katikati, kisha inageuka na kupanda kutoka kulia, kama mbavu za jani pande mbili za uti wake. Bernadina alipitisha kidole juu ya ule uti wa katikati, taratibu, mara mbili. "Hapa ndipo tulipokutana," akasema. Alifariki kesho yake, tarehe 16 Februari 1956, saa nane mchana, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini neno lililosemwa mbele ya watu halitubiwi kitandani kwa siri, na huenda ndiyo sababu alimkatiza. Basi Mwalimu Stefania, aliyesema mbele ya watu pale Korogwe, anasema mbele ya watu hapa Kang'ata: Dada, halikuwa kosa. Aliyekosa ni mimi.

Marehemu ameacha mume, Yordani; watoto watatu, Valerian, Grasiana na Kaleb; mdogo wake mmoja; na mjukuu wa kike aliyezaliwa jana saa nne asubuhi, ambaye hakumwona. Mtoto huyo yuko hapa, mikononi mwa Bibi Mashavu, amefunikwa shali yenye mbavu pande mbili. Ameacha pia wafumaji arobaini na wawili wanaoshika sindano kwa kushoto. Mwalimu wa shule akija siku moja akawaambia wafumue, mwambieni aje amwone Stefania kwanza.

Bernadina, sasa unaweza kukaa. Hukuambiwa ukae utotoni. Weka mikono chini upumzike kwa amani. Tumehesabu, dada. Hakuna kitanzi kilichodondoka.