Matengenezo Tuliyoyaita Bure

Risala ya wafanyakazi wa Kiwanda cha Mafuta ya Waridi, Belokamen, kwa Mwenyekiti wa Bodi

Mgeni rasmi, Bi. Velichka Topalova,

Karibu sana! Umetukuta mikono ingali inanukia waridi na mioyo inadunda, maana mavuno yameisha jana, na yameisha vizuri.

HISTORIA

Miaka thelathini na moja sasa, Mzee Gencho, mkenekaji wetu, anayeyatoa mafuta kwenye waridi kwa mvuke, huianza siku kwa namna moja: huinamia matone ya kwanza, hufumba macho, hunusa, ndipo hutuambia tuongeze moto au tupunguze. Mwezi Mei mwaka jana, alfajiri moja, boila letu la mvuke likakohoa, likazima. Kama ilivyo desturi yetu, mzee akayaacha matone, akashika spana.

"Fundi wa mjini wa nini, na wewe upo?" tukamwambia.

"Nipo," akajibu. Ndilo jibu lake la miaka yote.

CHANGAMOTO

Katika taarifa tulikuandikia: "Matengenezo: tumefanya wenyewe, bure." Mgeni rasmi, haikuwa bure. Mzee akiwa chini ya boila, hakuna wa kunusa. Na waridi la alfajiri halingoji; huvunda kwa joto lake lenyewe ndani ya gunia. Magunia arobaini yaligeuka kahawia huku sisi tukimshikia mzee tochi na kumsifu. Hilo hatukuliandika.

MAFANIKIO

Mwaka huu boila likazima tena. Yordanka wa mizani akampigia simu fundi Penyo wa mjini bila kumwuliza mtu. Penyo akatega sikio, akacheka. "Jamani, nani kaifunga vali hii kinyume?"

"Mzee mmoja hivi," akasema Gencho, akitazama viatu vyake.

Dakika arobaini, mvuke huo! Mzee akarudi kwenye matone yake. Mafuta yaliyotoka yamo katika kichupa kilicho mbele yako. Tafadhali, nusa kabla hatujaendelea.

OMBI

Kwanza tuliandika kwamba tunaomba "kuboreshewa mazingira ya kazi." Mzee Gencho alisoma, akamrudishia karatasi binti aliyeiandika.

"Sasa mwanangu, mama wa watu ataelewa nini hapo?" Akamsogezea kalamu. "Andika hivi: boila silijui. Sijawahi kulijua. Niliona haya kusema. Mleteni Penyo kila Mei, mimi niacheni ninuse."

Mungu akupe afya, na mashamba yako yachanue kwa wakati.

Ni sisi,
Wafanyakazi wote wa Belokamen, na Mzee Gencho kwa jina lake mwenyewe.